Nauli ya Pauni Kumi

Aprili 1950 meli ya Orontes iling'oa nanga Tilbury, bandari iliyo mashariki ya London, ikielekea Australia. Miongoni mwa abiria alikuwamo mwanamume wa miaka 45, si mrefu, aliyekuwa akiendesha duka la peremende huko Blackpool. Alisafiri na mke na mabinti watano. Jina lake lilikuwa Harold Larwood, na kama kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyepaswa kuhamia nchi yoyote ile isipokuwa Australia, basi ni yeye.

Meli hiyo hiyo ilikuwa imempeleka huko mwaka 1932, akiwa mrushaji mpira wa kasi wa timu ya kriketi ya Uingereza. Nahodha wake, Douglas Jardine, alitaka mipira irushwe kuelekea mwilini mwa wapigaji, maana hakuona njia nyingine ya kumzuia Don Bradman, mpigaji hodari wa Australia. Januari 1933, mjini Adelaide, mpira wa Larwood ulimpasua fuvu mchezaji wa Australia, Bert Oldfield. Watazamaji walifura kwa hasira, na vyama vya kriketi vya nchi hizo mbili vikarushiana simu za maandishi zenye maneno makali. Baada ya ziara, wakubwa wa kriketi London walimtaka Larwood aombe radhi. Mtoto huyu wa mchimba makaa wa Nottinghamshire alikataa, kwani aliamini alitekeleza tu agizo la nahodha. Hakuichezea tena timu ya taifa.

Aliyemshawishi ahamie Australia alikuwa Jack Fingleton, mmoja wa wapigaji wale wale walioipokea mipira yake mwilini, ambaye sasa alikuwa mwandishi wa habari mjini Canberra. Familia ilipofika Sydney, Ben Chifley, aliyekuwa waziri mkuu hadi Desemba 1949, alilipa kimyakimya sehemu ya gharama ya hoteli yao. Larwood akapata kazi katika kampuni ya vinywaji baridi, akahamia kijumba katika mtaa wa Kingsford, na huko akaishi hadi alipofariki mwaka 1995 akiwa na miaka 90.

Si kwamba Waaustralia walikuwa wamesahau. Ila Larwood alikuwa Mwingereza, alikuwa na nguvu za kufanya kazi, alikuja na mabinti watano, tena alikuwa mweupe. Kwa hesabu za Canberra za wakati ule, sifa hizo zilitosha kufuta hata dhambi ya Adelaide.

Hesabu zenyewe zilizaliwa na hofu. Februari 1942 Singapore, ngome ya Waingereza ambayo Australia iliitegemea kwa ulinzi wake, ilianguka mikononi mwa Wajapani. Siku nne baadaye ndege za Japani zikaupiga mabomu mji wa Darwin, na mwisho wa Mei manowari ndogo zikapenya hadi ndani ya bandari ya Sydney. Nchi ilikuwa na ukubwa wa bara zima na watu milioni 7 na kitu tu, wengi wao wakiwa wamebanana kwenye miji ya pwani ya kusini na mashariki. Julai 1945, vita vya Pasifiki vikiwa bado havijaisha, serikali ya chama cha Labor iliunda wizara ya uhamiaji na kumkabidhi Arthur Calwell. Kauli aliyoieneza ilikuwa fupi: tuijaze nchi au tuangamie. Lengo lilikuwa idadi ya watu iongezeke kwa asilimia 2 kila mwaka, nusu kwa kuzaana na nusu kwa wahamiaji.

Wahamiaji gani? Hapo Calwell alikuwa mwangalifu, kwa kuwa wapiga kura wake, hasa wa vyama vya wafanyakazi, waliogopa wageni. Aliwaahidi kwamba kwa kila mgeni wa taifa jingine angeleta Waingereza kumi. Kuhusu Waasia na Waafrika hakukuwa na mjadala. Tangu 1901 sheria ilimruhusu ofisa wa bandarini kumpa mtu mtihani wa imla kwa lugha ya Ulaya atakayoichagua ofisa mwenyewe, na ofisa asiyemtaka mtu hakukosa lugha ambayo mtu huyo haijui. Mtihani huo ulidumu katika vitabu vya sheria hadi 1958. Na wenyeji wa asili, Waaborijini, ambao wazee wao walikuwa katika ardhi ile makumi ya maelfu ya miaka kabla ya Kapteni Arthur Phillip kutia nanga Sydney mwaka 1788 na shehena yake ya wafungwa, hawakuingizwa hata katika hesabu rasmi ya watu wa nchi. Hilo lilirekebishwa kwa kura ya maoni ya 1967.

Huko Uingereza, wakati huohuo, ushindi wa vita ulikuwa na ladha chungu. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu, na wanandoa vijana walibanana kwenye chumba kimoja kwa wazazi wao wakingoja zamu kwenye orodha ya nyumba za halmashauri. Mkate, ambao haukugawiwa kwa kadi hata siku moja vita vikiendelea, ulianza kugawiwa kwa kadi mwaka 1946, amani ikiwa imekwisha kuja. Kisha ikafika baridi ya mwanzoni mwa 1947: theluji iliziba reli, makaa yakakwama, viwanda vikafungwa na umeme ukakatwa. Mgawo wa nyama haukwisha hadi Julai 1954. Mtu anayepanga foleni kwa kipande cha nyama huku akitazama bango la ufuko wenye jua na familia iliyonawiri hahitaji kushawishiwa sana.

Australia haikuwa peke yake kuwaita Waingereza. Canada iliwataka, Afrika Kusini pia, na Rhodesia. Serikali yao wenyewe ilikuwa na mipango yake: kuanzia 1947 ilipeleka watu, wengi wao askari waliotoka vitani, hadi Kongwa katika Tanganyika, wakalime karanga kwenye udongo mgumu ulioyashinda matrekta. Mradi huo ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Ila Australia ndiyo iliyotoa bei ambayo hakuna aliyeweza kuishinda.

Bei yenyewe ilikuwa pauni 10 kwa mtu mzima. Watoto wadogo walisafiri bure, na katika mpango wa mwanzo askari wa zamani nao hawakulipa. Mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani mwaka 1947 alipata kama pauni 6 kwa wiki, kwa hiyo kuvuka nusu ya dunia kuligharimu chini ya mshahara wa wiki mbili, ilhali nauli kamili ilikuwa zaidi ya mara kumi ya bei hiyo. Tofauti ililipwa na serikali mbili. Mkataba wa serikali hizo ulianza kutumika rasmi mwisho wa Machi 1947. Mwombaji alijaza fomu, akahojiwa na maofisa wa Australia House, jengo kubwa la mawe katika barabara ya Strand mjini London, au na wenzao waliotumwa mikoani. Akapigwa picha ya kifua kuhakikisha hana kifua kikuu, kisha akasubiri barua.

Sharti lilikuwa moja zito. Aliyepanda meli kwa pauni 10 alipaswa kukaa Australia miaka 2 na kufanya kazi. Akitaka kurudi mapema, airudishie serikali gharama ya kumleta, kisha ajilipie mwenyewe nauli nzima ya kurudi. Kwenda kulikuwa karibu bure. Kurudi kuliweza kumaliza akiba yote ya familia. Wengi waliosaini fomu kwa furaha ya mabango hawakulipigia hesabu jambo hilo hadi walipofika.

Oktoba 1947 Ormonde, meli kuukuu iliyokuwa imebeba wanajeshi vitani, iliondoka Tilbury na zaidi ya watu 1,000, wakiwamo mafundi wengi wa ujenzi, kwani Australia yenyewe ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Katika meli za namna hiyo hapakuwa na anasa. Wanaume walilala upande mmoja na wanawake upande mwingine, hata waliooana juzi. Lakini mezani palikuwa na mkate mweupe, mayai, matunda na nyama bila kadi, na kumbukumbu za wasafiri wa miaka ile hurudi kwenye chakula kuliko kwenye bahari. Njia ilipita Gibraltar, ikaingia Mediterania, ikafika Port Said, ambako wachuuzi walizizunguka meli kwa mashua na waganga wa viini macho walipanda sitahani kutoa vifaranga mifukoni mwa watoto. Ikapita mfereji wa Suez, ikatua Aden, bandari ambayo majahazi ya pwani ya Afrika Mashariki yaliizoea kwa karne nyingi, kisha Colombo. Baada ya hapo ni maji matupu hadi Fremantle, lango la Australia Magharibi. Safari ilichukua wiki nne mpaka sita. Suez ilipofungwa kwa vita mwaka 1967, meli zilizunguka kwa Cape Town. Kufikia wakati huo lakini watu wengi zaidi walikuwa wameanza kupanda ndege, wakaamka siku ya pili katika maisha mengine, bila hata kupata muda wa kujuta njiani.

Waliokuwa na ndugu au mwajiri wa kuwadhamini walikwenda moja kwa moja kwake. Waliobaki walipelekwa kwenye hosteli za serikali, na hapo ndipo picha ya bango ilipopasuka. Hosteli nyingi zilikuwa kambi za jeshi zilizobadilishwa matumizi: safu za mabanda ya Nissen, yaani nusu pipa la mabati lililolazwa juu ya sakafu ya saruji. Kiangazi banda liligeuka tanuri, na mvua ikinyesha watu hawakusikiana. Vyoo, bafu na mahali pa kufulia vilikuwa vya wote. Kupika ndani ya banda kulikatazwa. Chakula kililiwa kwenye bwalo, na nyama ya kondoo ilirudi mezani siku baada ya siku hadi watoto wakaichukia maisha yao yote. Nao akina mama, waliokuja wakiota jiko lao wenyewe baada ya miaka ya kukaa kwa wakwe, wakajikuta hawana jiko kabisa.

Baadhi walitoka baada ya wiki chache, wengine walikaa miaka. Serikali ilipopandisha kodi ya hosteli mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakazi Waingereza katika hosteli kadhaa waligoma kulipa, na baadhi yao wakaburuzwa mahakamani. Magazeti ya Australia hayakuwaonea huruma. Hapo ndipo sifa ya Pom mlalamishi, Mwingereza asiyeridhika na chochote, ilipoota mizizi.

Ni sifa isiyo ya haki, lakini chanzo chake kinaeleweka. Mkimbizi kutoka Poland au Latvia, ambaye Calwell alianza kumleta mwaka 1947 kwa sababu meli za Waingereza hazikutosha, alijua kwamba amekwenda ugenini. Alifungwa na mkataba wa kazi ya miaka 2 popote atakapopangwa, akafunga mdomo. Mwingereza hakujiona mhamiaji hata kidogo. Alikuwa amehama kutoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba ile ile ya mfalme, na pasipoti yake ilikuwa ya milki ile ile. Baada ya miezi sita aliweza kupiga kura bila kuomba uraia wowote. Sasa mbona anawekwa kwenye banda la bati? Wanahistoria James Hammerton na Alistair Thomson, waliokusanya masimulizi ya mamia ya watu hao, waliwaita wahamiaji wasioonekana. Hakuna aliyewauliza kama wamezoea, kwa kuwa ilidhaniwa hawana cha kuzoea.

Kazi zilikuwapo tele. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Australia ya miaka ya 1950 ilikuwa na majembe ya kutosha: viwanda vya chuma, migodi, reli, ujenzi, hospitali zilizokosa wauguzi. Tatizo lilikuwa vyeti. Fundi aliyesomea kazi yake miaka mitano Glasgow aliweza kukuta jimbo alilofikia haliutambui ufundi wake, akaanzia chini. Kazini aliulizwa mara mia kama anaoga, kwani Waaustralia walikuwa na utani wa zamani kwamba Waingereza huogopa maji. Mtu aliyesema kwamba kule kwetu kazi hii hufanywa hivi au vile aliambiwa kuna meli inaondoka kesho. Ulikuwa utani, ila si utani mtupu.

Novemba 1955 idara ya uhamiaji ilitangaza kuwasili kwa mhamiaji wa milioni tangu vita viishe. Hakupatikana kwa kuhesabu vichwa gatini. Aliteuliwa mapema: bibi harusi wa miaka 21 kutoka Redcar, kaskazini ya Uingereza, aliyeshuka Melbourne na mume fundi umeme. Kwenye meli nyingine za miezi ile walikuwamo Wataliano, Wagiriki na Waholanzi kwa maelfu, ila picha ya gazeti ilihitaji uso wa aina moja. Serikali ilikuwa ikiwaonyesha wapiga kura kwamba ahadi ya Calwell ingali hai, ingawa takwimu zilikuwa zimeshaitupa.

Mwezi huohuo, kilomita ishirini na kitu kaskazini ya Adelaide, mji mzima ulizinduliwa kwa ajili ya watu kama huyo bibi harusi. Shirika la nyumba la jimbo la Australia Kusini lilinunua mashamba ya ngano, likapima mitaa, likajenga nyumba za kupanga na kuuza, na mji ukapewa jina la malkia kijana: Elizabeth. Waziri mkuu wa jimbo, Thomas Playford, alitaka viwanda, na viwanda vilitaka watu. Holden, kampuni ya magari, ilijenga kiwanda chake hapo. Waliokuja kutoka Glasgow, Manchester na Liverpool walipata nyumba yenye ua, jua, na majirani wanaozungumza kama wao. Walipata pia vumbi, miti iliyopandwa jana ambayo bado haikuwa na kivuli, na basi moja la kungojwa kwa muda mrefu. Katika mitaa fulani mtu aliweza kupita siku nzima bila kusikia lafudhi ya Australia.

Jirani ya Elizabeth, pale Salisbury, palikuwa na taasisi ya utafiti wa silaha iliyoendeshwa na serikali za Uingereza na Australia pamoja. Wahandisi na mafundi wengi waliotoka Uingereza waliajiriwa pale, wakihudumia uwanja wa maroketi wa Woomera. Mbali zaidi magharibi, katika jangwa la jimbo hilohilo, Uingereza ililipua mabomu saba ya nyuklia pale Maralinga kati ya 1956 na 1957, na majaribio madogo ya sumu yakaendelea hadi 1963. Wenye ardhi ile waliondolewa. Wengine walibaki wakitembea ndani ya eneo lililochafuliwa. Tume ya uchunguzi ya miaka ya 1980 ilionyesha jinsi walivyopuuzwa. Ni vigumu kuisimulia neema ya nyumba zenye ua bila kukumbuka kwamba watu wengine walikuwa wakifukuzwa kwao katika miaka ileile, na serikali zilezile.

Watoto wa hosteli na wa Elizabeth ndio waliofanya mambo ambayo Calwell hakuyatarajia. Mwaka 1958 familia ya Gibb kutoka Manchester ilihamia Queensland na kukaa Redcliffe, ambako vijana watatu, Barry na mapacha Robin na Maurice, waliimba kwenye uwanja wa mbio za magari katikati ya mashindano. Mwanzoni mwa 1967, wakijiita Bee Gees, walirudi Uingereza, na miezi michache baadaye dunia iliwajua. Mwaka 1963 familia ya Young kutoka Glasgow ilifikia hosteli ya Villawood, Sydney. Mmoja wa watoto, George, alikutana pale na kijana Mholanzi, Harry Vanda, wakaunda bendi ya Easybeats. Wadogo zake, Malcolm na Angus, walianzisha AC/DC mwaka 1973, na mwimbaji wao, Bon Scott, alikuwa Mskoti mwingine aliyeletwa na wazazi mwaka 1952. Kelele ambazo ulimwengu huziita roki ya Australia zilitoka, kwa sehemu kubwa, kwenye vibanda vya mabati.

Si kila nyumba yenye ua ilikuwa na furaha. Jimmy Barnes, mwimbaji wa bendi ya Cold Chisel, aliletwa Elizabeth akiwa mtoto mdogo kutoka Glasgow, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2016 ameeleza ulevi, ngumi na njaa ndani ya nyumba za mitaa ile. Umaskini wa Glasgow ulipanda meli pamoja na wenyewe. Kwa familia ya Gillard kutoka Barry, Wales, hali ilikuwa nyingine. Binti yao mdogo, Julia, alisumbuliwa na kifua, na madaktari walishauri nchi yenye joto. Mwaka 1966 walihamia Adelaide. Baba akawa muuguzi wa wagonjwa wa akili, mama akafanya kazi katika nyumba ya wazee. Juni 2010 binti huyo aliapishwa kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza katika historia ya Australia. Aliyemkabili bungeni kama kiongozi wa upinzani, na baadaye akawa waziri mkuu pia, Tony Abbott, alizaliwa London na kuletwa kwa meli mwaka 1960.

Walioshindwa hawana wasifu vitabuni. Inakadiriwa kwamba robo hivi ya waliokuja kwa nauli ya kusaidiwa walirudi Uingereza, na mara nyingi kilichowarudisha hakikuwa kukosa kazi. Mume alikuwa na kiwanda, wenzake, baa na mpira wa Jumamosi. Mke alibaki nyumbani katika kitongoji kipya, mama yake na dada zake wakiwa upande wa pili wa dunia, barua ikichukua wiki, na simu ikiwa ghali kiasi kwamba ilipigwa kwa msiba tu. Mtoto alizaliwa bila bibi wa kumshika. Mzazi alikufa Uingereza, na habari ikafika pamoja na ukweli kwamba hakuna pesa ya kwenda kumzika. Wazazi wa mwigizaji Hugh Jackman walikuja mwaka 1967. Yeye akazaliwa Sydney mwaka uliofuata, na alipokuwa na miaka 8 mama yake akarudi Uingereza, akamwacha na baba.

Kisha likatokea jambo lililowashangaza hata maofisa. Karibu nusu ya waliorudi walifunga mizigo tena wakaja Australia mara ya pili, wakajilipia. Wakiwa Adelaide waliikumbuka mvua ya Lancashire. Waliporudi Lancashire wakakuta mtaa umebomolewa, marafiki wamehama, na wao wenyewe wanaitwa Waaustralia. Watu waliwabandika jina la bumerangi, ile silaha ya Waaborijini inayomrudia aliyeirusha.

Katika meli zilezile walisafiri wengine ambao hawakusaini fomu yoyote. Mashirika ya hisani na ya dini ya Uingereza yalipeleka Australia maelfu ya watoto kutoka nyumba za yatima, wakisambazwa katika taasisi kama shamba la shule la Fairbridge huko Pinjarra na ile ya mabruda Wakatoliki pale Bindoon, Australia Magharibi, ambako wavulana walibebeshwa mawe na saruji kujenga majengo yao wenyewe. Wengi waliambiwa kwamba wazazi wao wamekufa. Wengi wao hawakuwa yatima. Wengine walipigwa, wengine walinajisiwa. Katika miaka ya 1980 mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa Nottingham, Margaret Humphreys, alianza kuwatafutia watoto hao, sasa wakiwa watu wazima, mama zao, akakuta baadhi wako hai, wakingoja habari za mtoto waliyeambiwa amepata familia nzuri Uingereza kwenyewe. Novemba 2009 waziri mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi kwa niaba ya Australia. Februari 2010 Gordon Brown akaomba kwa niaba ya Uingereza.

Mlango mpana wa kuingia Australia ulikuwa na bawabu. Mtu mweusi aliyezaliwa Cardiff au Liverpool alikuwa raia wa Uingereza kama jirani yake mweupe, ila nauli ya pauni 10 haikumhusu, kwani maofisa walitafuta watu wa asili ya Ulaya. Na Uingereza nayo haikuwa na la kujivunia. Mwaka 1968 Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza, waliokuwa wakiondoka Nairobi na Mombasa baada ya sera ya kuwapa Waafrika kazi na leseni za biashara, walianza kuwasili London kwa wingi. Serikali ya Harold Wilson ilipitisha sheria bungeni kwa siku tatu tu kuwazuia wale wasiokuwa na mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza. Mwaka uliofuata, 1969, zaidi ya watu 80,000 waliondoka Uingereza kwa nauli ya kusaidiwa kwenda Australia. Nchi moja ilikuwa ikilipia watu wake waondoke huku ikiwafungia mlango wenye pasipoti yake, na kilichowatenganisha kilikuwa rangi.

Sera ya Australia nyeupe ililegezwa mwaka 1966 na kuzikwa na serikali ya Gough Whitlam mwaka 1973. Bei ya nauli ilipanda mwaka huo hadi pauni 75. Tangu Januari 1975 Mwingereza alihitaji viza kama watu wengine, na mwaka 1982 mpango ukafungwa kabisa. Zaidi ya Waingereza milioni moja walikuwa wamevuka bahari tangu vita.

Je, Uingereza iligeuka lini kuwa nchi ya kigeni machoni pa Australia? Hakuna aliyetangaza siku hiyo, na mahakama ndiyo iliyolazimika kuitafuta. Mwaka 1998 Heather Hill, aliyezaliwa Uingereza na kuletwa na wazazi akiwa mtoto, alichaguliwa seneta wa Queensland kwa tiketi ya One Nation, chama kilichojijengea jina kwa kupinga wahamiaji. Katiba inamkataza mwenye utiifu kwa dola ya kigeni kukaa bungeni, naye Hill hakuwa ameukana uraia wa Uingereza siku alipoteuliwa kugombea. Juni 1999 Mahakama Kuu iliamua kwamba Uingereza ni dola ya kigeni, tena imekuwa hivyo angalau tangu mwaka 1986, nchi hizo zilipokata nyuzi za mwisho za kisheria. Seneta wa chama cha kupinga wageni alipoteza kiti kwa kuwa mgeni.

Sheria haikunyoosha kila kitu. Mwingereza aliyekuwa kwenye daftari la wapiga kura tarehe 25 Januari 1984 bado anapiga kura hadi leo bila kuwa raia, na kwa kuwa kura ni lazima Australia, asipokwenda hutozwa faini. Wakati huohuo, pensheni ambayo mtu aliichangia kazini Uingereza hugandishwa kwenye kiwango alichoanza kulipwa akiwa Australia. Bei zikipanda, yenyewe haipandi. Mwaka 2001 serikali ya Australia ilivunja mkataba wa hifadhi ya jamii na London kwa hasira ya jambo hilo, na London haikubadili msimamo. Mstaafu Mwingereza anayeishi Florida huongezewa pensheni yake kila mwaka. Aliyeko Perth haongezewi hata senti.